Muulize Shangazi: Mume wangu anasema nasoma umbea

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nauza mitumba soko la Owino. Mteja mmoja kaniachia kitabu ambacho Mama Janet Museveni aliandika kuhusu maisha yake, nami hukisoma mchana wateja wakipungua. Mume wangu anasema hayo ni mambo ya chumbani kwa wakubwa, umbea mtupu. Ni kweli? Na mbona wake wa marais wengine siwaoni vitabuni?
Mama Wawili, Kampala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umbea ni kumsema mtu asiyejua anasemwa. Huyu kajisema mwenyewe, tangu 2011, tena dukani kwa bei yake.

Fika pale anaposimulia Sweden, alikokuwa mkimbizi na wanawe. Wanaume wakieleza vita vya msituni vya Museveni hawaachi kutaja bunduki 27 walizoanza nazo walipovamia kambi ya jeshi ya Kabamba, Februari 1981. Watoto wanne walilala wapi, nani aliwatafutia makoti ya baridi, hapo kimya. Mama yao anayajua. Ila kumbuka aliandika mumewe akiwa Ikulu na yeye mwenyewe akiwa mwanasiasa. Mgeni haonyeshwi chumba ambacho hakijafagiliwa.

Hao wengine ndio wananikosesha usingizi. Machi 1974 nilikuwa mtoto, Bombo. Mama alikuwa anapika gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi, redio iko dirishani, ikatangazwa kwamba Rais Amin amewapa talaka wake zake watatu: Malyamu, Kay na Nora. Watatu kwa mpigo, kwenye redio ya taifa! Mama hakusema neno. Alisimama na mwiko mkononi mpaka gurusa ikaungua, na mama yangu haikuwa kawaida yake kuunguza. Agosti mwaka huohuo Kay akapatikana amekufa, mwili umekatwakatwa. Yeye angeandika lini?

Sarah Kyolaba, aliyeolewa na Amin 1975 wakati wa mkutano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, hapa Kampala, aliishia kuwa na saluni London, akafariki huko 2015. Fikiria yaliyosemwa kwenye viti vile, kichwa kimoja baada ya kingine.

Ningepewa nafasi ya kumhoji mmoja, ningemchagua Miria, mke wa Rais Milton Obote. Aliolewa 1963, akakimbia nchi mara mbili. Oktoba 2005 akarudi kutoka Zambia na jeneza la mumewe. Februari iliyofuata jina lake likawa kwenye karatasi ya kura, mwanamke wa kwanza kugombea urais Uganda. Hakufikisha hata asilimia moja, lakini hilo silo ningemuuliza. Ningemuuliza sanduku gani alilibeba mara zote mbili, na ndani mlikuwa na nini.

Baba watoto mwachie kitabu mezani, usimwambie kitu. Ukikuta ukurasa umekunjwa, ujue.

Mkimaliza nikumbukeni. Changu nilimwazima shemeji, na kila nikimuuliza ananiambia bado yuko Sweden.