Jibu: Kaka anataka kuuza fungu lake la nyumba ya marehemu baba

Dada yangu, pole sana kwa msiba. Umesema baba ameacha mama, wavulana wawili na wasichana watatu, kaka mkubwa ameshapata mnunuzi wa "fungu lake", na mahakamani hamjaenda.

Mwambieni asimame kwanza. Kabla Mahakama haijateua msimamizi wa mirathi, yaani mtu wa kukusanya na kugawa mali ya marehemu, hakuna mrithi mwenye mamlaka ya kuuza hata tofali. Fanyeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, wote mtie sahihi, kisha muende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo. Msimamizi hupewa fomu namba 4, yaani hati ya kuteuliwa kwake, na baadaye lazima arudishe orodha ya mali na hesabu za mgawo.

Kwa kuwa ninyi ni Waislamu, na kama babu na bibi wazaa baba hawapo, hesabu yenu ni nyepesi. Mkishalipa madeni na wasia, mali inakatwa mafungu 8: mama 1, kila binti 1, kila mvulana 2. Tuseme mthamini kaipa nyumba milioni 80: kaka ana milioni 20, wewe 10.

Shida ni kwamba nyumba haikatwi vipande, na mama bado analala humo. Mimi ningewasihi mnunue fungu la kaka ninyi wenyewe, hata kwa awamu, kwa maandishi yanayopelekwa mahakamani. Mgeni akishaingia na mkataba wake, mama ndiye atakayehangaika. Mnunuzi naye mwambieni hayo leo, kabla hajatoa arubuni.