Kwa nini hatuliuzi boti la babu yako

Mwanangu Zawadi,

Sisi hatujambo. Umeuliza kwa nini tunaendelea kumwaga hela kwenye boti la mbao la marehemu babu yako, wakati tungeweza kuliuza tukanunua la faiba, au tukapanda la abiria pale bandarini Kibirizi, Kigoma, kama wenzetu kila tukienda kijijini Mwamgongo kwa bibi yako. Baba yako alitaka kukujibu kwa simu, nikamzuia, maana angekueleza habari za upepo tu. Hela nashika mimi, kwa hiyo acha nijibu mimi.

Umesema Ziwa Tanganyika linalila boti. Siyo ziwa, ni mvua. Kuvu wanaoozesha mbao wanataka unyevu na hewa kwa pamoja, na ubao ulio majini muda wote hewa hauna. Maji ya mvua yanayotuama kwenye kona, chini ya sakafu na kwenye vichwa vya mataruma, yaani mbavu za boti, ndiyo yanayotutia hasara. Wenzetu wa pwani wana chumvi inayozihifadhi mbao, ila wana na mdudu wa baharini anayezitoboa. Sisi mdudu huyo hatuna, na chumvi pia hatuna. Ndiyo maana msimu wa mvua baba yako anashinda na turubai, na maji anayachota kabla hata hajanywa chai.

Mvua zikikatika mwezi wa tano, vijana wanalivuta nchi kavu, kivulini. Jua la kiangazi likilipiga ubavuni mbao zinanywea na viungo vinaachama. Fundi anagonga ubao mmoja mmoja kwa mpini wa bisibisi. Ubao mzima unalia, uliooza unanyamaza, na akinyamaziwa ananitazama mimi. Mwaka huu zimetoka mbao mbili upande wa nyuma. Alitaka kuniwekea mbao za bei nafuu, nikakataa. Mninga wa kule Tabora ni ghali, lakini ukishakauka vizuri hauvimbi wala kunywea ovyo, na kuvu hawauwezi kirahisi.

Halafu kalafati, yaani kuziba viungo vya mbao kwa pamba. Hapo fundi haharakishwi: pamba ikipigwa kwa nguvu mno kiungo kinapanuka, ikilegea inachomoka. Rangi inakuja mwisho, na ndiyo hiyo tu wapita njia wanayoisifia. Tukilirudisha majini litavuja, na lazima livuje mpaka mbao zivimbe. Kwa hiyo mtu akikupigia kwamba boti la wazazi wako linazama, muitikie tu.

Mashine ni habari fupi: mpira wa pampu ya maji unalika kwa mchanga, tunabadilisha. Na grisi. Wajerumani walipoizamisha meli yao Götzen ziwani hapa mwaka 1916 waliipaka mitambo grisi kwanza. Ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Baba yako hadithi hiyo humpa kila fundi, lakini dukani grisi nafuata mimi.

Sasa swali lako. Faiba haiozi, haitaki pamba, na ni nyepesi. Ningekuwa naanza leo ningenunua hiyo, sikufichi. Lakini hili nikiliuza sipati hela ya kununua hilo, na ubao ukioza fundi anakuja kwa miguu.

Halafu kuna bibi yako. Magoti yake hayamruhusu kupanda boti la abiria kwa kusukumana, wala kukaa juani akisubiri lijae. Kusi likivuma, kwenda Mwamgongo linakusukuma, kurudi mjini linakupiga usoni. Siku ya kliniki inabidi tumtoe kule alfajiri, ziwa likiwa bado limelala, na boti la mwenyewe halisubiri mtu. Tunamlaza kwenye godoro katikati, anafika hajalowa, akiulizia samaki, migebuka. Siku atakapokubali kuhamia kwetu mjini tutaongea upya habari ya kuuza. Mpaka sasa amekataa, na unamjua.

Hela uliyosema utatuma usiiite ya rangi, rangi tumeshapaka. Ninunulie jaketi za kuokolea. Zilizopo zimechanika mikanda. Moja iwe ndogo ya saizi ya mjukuu wangu, kama kweli unamleta mwezi wa nane, maana mwezi huo kusi linakuwa bado halijatulia na mimi simpakii bila hiyo.

Mama yako