Poni wa asili: mkasi uweke mfukoni kwanza

Wadogo zangu mnaokuja kufanya kazi za farasi huku Uingereza, au mliokwisha pata kibarua cha msimu kwenye banda la mtu, nina maneno mawili matatu kuhusu kuwaandaa poni, yaani farasi wadogo, wa maonyesho. Sisemi wale wa kuruka vizuizi, nasema wale wanaoingizwa uwanjani bila tandiko, wewe umeshika kamba unatembea nao na jaji anatazama umbo na mwendo, basi. Mi nimekulia Lamu kwenye punda, nilipofika Devon nikadhani mnyama ni mnyama tu, kumbe.

Kwanza ujue umeshika poni gani. Visiwa hivi vina poni wao wa tangu zamani, wa milimani na nyikani: Exmoor na Dartmoor wa huku kusini magharibi, New Forest wa kusini, Fell na Dales wa kaskazini, Highland, Eriskay na Shetland wa Scotland, Connemara wa Ireland, halafu wale wa Wales, wanaitwa Welsh, ambao wamegawanywa makundi A, B, C na D. Kila jamii ina chama chake, cha Wales kipo tangu 1901 na cha Exmoor tangu 1921, na chama ndo kinaamua poni wake aonekane vipi, si wewe wala Youtube. Kabla hujagusa unywele mmoja soma kanuni za chama, au muulize mtu aliyeshinda na jamii hiyohiyo. Ukimuuliza wa Shetland habari za Welsh atakupoteza na roho yake safi kabisa.

Sasa siri ya hii kazi, na ilinichukua muda kuielewa, ni kwamba unafanya kazi masaa na masaa ili ionekane hujafanya kitu. Farasi wa shoo wa aina nyingine wanasukwa singa, mkia unanyolewa juu, anatoka kama bibi harusi. Poni wa asili hasukwi. Anatakiwa aonekane kama ameshuka mlimani leo asubuhi, ila mlimani kwenyewe kulikuwa na maji na sabuni.

Mimi wiki yangu ya tatu niliambiwa na mwenye banda "mtengeneze huyo Fell miguu kidogo". Fell ana manyoya marefu yanayoangukia kwato, mi nikaona ni uchafu tu, nikachukua mashine ya kunyolea, vuu, miguu minne, nikajisifu kabisa. Mama wa watu alipokuja alisimama hasemi, na afadhali angenitukana. Yale manyoya ni sehemu ya jamii yake, Fell asiyekuwa nayo ni kama jogoo aliyekatwa kilemba. Hakuingia uwanjani msimu ule wote. Kwa hiyo Fell, Dales na Highland miguu yao iache, chana tu. Dartmoor au Connemara unaweza kusafisha kidogo pale nyuma ya kifundo, tena kwa mkasi na kitana, mashine sahau kama ipo duniani.

Namna ya kutumia mkasi: pitisha kitana dhidi ya manyoya, kata vile vinavyochomoza tu, mkasi uuelekeze chini kufuata mguu, usikate kwa kukingama manake utaacha ngazi na jaji ataziona toka mbali. Kata mara tatu, rudi nyuma hatua tano, tazama, ndo uendelee. Chini ya taya hivyohivyo, nywele zile ndefu zikipungua kichwa kinaonekana chepesi hasa kwa Welsh. Na fanya siku kumi kabla ya shoo, usifanye jana yake, ukikosea kidogo manyoya yatakuwa yameshakusitiri. Singa za shingoni ndo kabisa usiweke mkasi, zikizidi unachomoa chache chache kwa vidole kutoka upande wa chini, na kwa Exmoor, Highland na Shetland hata hilo achana nalo. Welsh ana desturi yake, anawekewa msuko mmoja mwembamba tu nyuma ya sikio ili shingo na taya vionekane, ukiona hivyo usije ukadhani mtu kasahau kumalizia.

Kuna hizi sharubu za mdomoni. Zamani watu walizinyoa zote, siku hizi upepo umegeuka, shirikisho la kimataifa la farasi, FEI, limepiga marufuku tangu 2021 kwa mashindano yake, maana poni anazitumia kuhisi vitu vilivyo karibu na pua. Mi naziacha. Sijawahi kumwona jaji mwenye akili akimshusha poni kwa sharubu.

Mafuta ya kung'arisha pua na macho nayo yana mtego. Wengi wanapaka mafuta ya watoto puani ngozi iwake, sawa kwa Welsh, lakini Exmoor ana ile rangi ya unga wa shayiri kuzunguka macho na mdomo, ndo alama yake, ukiipaka mafuta inakuwa nyeusi na umefuta kitu ambacho jaji amekuja kukitazama. Kwato pia zisiwe na rangi nyeusi ya dukani, mafuta yasiyo na rangi yanatosha.

Kuosha, osha siku mbili kabla, si usiku wa kuamkia, shampoo inatoa mafuta ya asili na manyoya yanasimama kama paka aliyeogopa, yape muda yalale. Mkia fungua kwa vidole unywele kwa unywele, brashi inakata, na singa moja ya mkia ikikatika leo utaisubiri sana. Miguu yenye manyoya ikishakauka wanapaka unga laini wa mbao halafu wanaukung'uta, manyoya yanatoka mepesi kama pamba. Miezi ya matope utakuta wanapaka kitu kinaitwa pig oil kimechanganywa na salfa. Mi Muislamu, niliruka hatua mbili nyuma nilipoambiwa nikipake, nikagoma nusu saa nzima, mpaka nikasoma kibandiko, ni mafuta ya madini tu, jina limebaki kwa sababu walikuwa wakiwapaka nguruwe wa maonyesho wang'ae. Shikeni bila wasiwasi, ila kibandiko someni.

Jambo linalonikera ni unene. Poni hawa wameumbwa kuishi kwa majani makavu ya mlimani, ukimweka kwenye nyasi tamu za Mei na ukamwongezea chakula ili awe mviringo mzuri machoni pa watu unamtafutia ugonjwa wa kwato, anashindwa hata kukanyaga. Ukimpapasa ubavuni mbavu uzihisi bila kubonyeza sana. Kule kwetu punda mnene ndo sifa ya mwenyewe, hapa sifa hiyo inaua. Na ukiona bosi anakazania unene, sema kwa adabu lakini sema.

Uwanjani, upande wako ni kushoto kwake, begani, usimvute kwa mbele kama mbuzi wa sikukuu. Mkikimbia ni mchakamchaka, mkifika kona mgeuze aende kulia, mbali na wewe, ukimgeuza kuja kwako atakukanyaga na jaji anakuona wewe badala ya poni. Akisimama mbele ya jaji, mguu wa mbele ulio upande wa jaji utangulie kidogo na ule wa nyuma upande huohuo urudi kidogo, ndipo miguu yote minne inaonekana. Hili mazoezi yake ni nyumbani, dakika kumi kila siku, manake poni asiyejua kusimama hata umwoshe kwa maji ya waridi ni bure. Wewe mwenyewe vaa kistaarabu, koti, tai, glavu, viatu vya kukimbilia, nimeona mtu kateleza na viatu vya ofisini akaburutwa mbele ya umati.

Na kama poni wako ni mweupe, jiandae kisaikolojia. Atalala kwenye mavi yake saa kumi na moja alfajiri ya siku yenyewe, bila kukosa. Usimwoshe mzima, hatakauka na utachelewa gari. Chukua sponji, maji ya uvuguvugu na shampoo ya zambarau, safisha doa tu, kausha kwa taulo, paka unga wa chaki, kung'uta, mfunike shuka mpaka mfike. Halafu mfunge kamba fupi kidogo, alale tena akipenda baada ya shoo.