Muulize Fundi: Mzula, kitambaa cha shingo na pama ya mtoto

Julai imeingia na baridi yake, na barua nyingi zilizonifikia hapa Moshi zinahusu jambo moja: vazi la kichwa linaloweza kugeuzwa likawa kofia, skafu au kinga ya uso kulingana na hali ya hewa. Nimechagua barua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa aliyeiandika anakaribia kuondoka kwenda mlimani na hana muda wa kusubiri toleo lijalo.

Swali: Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa miaka 22, ninaishi Pasua, na mwezi ujao nitapanda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza kama mpagazi, kwa njia ya Marangu. Wenzangu wananichanganya. Mmoja anasema ninunue mzula mzito wa kufunika uso, mwingine anasema ninunue kile kitambaa cha mviringo ambacho watalii huvaa shingoni. Fedha niliyo nayo inatosha kimoja tu. Pia nimeambiwa kwamba nusu ya joto la mwili hupotelea kichwani. Je, ni kweli?
*Mgumu (mpagazi) mtarajiwa, Pasua, Moshi*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la joto, kwa sababu ndilo linalowafanya vijana wengi wavae vizito vya kichwa tangu getini. Si kweli kwamba nusu ya joto hupotelea kichwani. Kichwa cha mtu mzima ni takriban sehemu moja ya kumi ya ngozi yote ya mwili, na hupoteza joto kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Mwaka 2008 madaktari wawili wa Marekani, Rachel Vreeman na Aaron Carroll, waliliandika jambo hilo katika jarida la British Medical Journal miongoni mwa imani za kitabibu zisizo na msingi. Hata hivyo usilichukue jibu hili kama ruhusa ya kuacha kichwa wazi. Mtu aliyevaa koti, suruali nzito na glavu, akaacha kichwa bila kitu, amefunga milango yote ya nyumba na kusahau dirisha. Joto lililobaki litatokea hapo.

Sasa tazama safari yenyewe. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na kutoka hapa mjini hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, kuna takriban mita 5,000 za kupanda. Toa nyuzi 32 katika joto la usiku wa Moshi, utapata baridi iliyo chini ya sifuri kwa kiasi kikubwa, na hapo bado hujauhesabu upepo. Panapokuwa na nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi kama ni nyuzi 21 chini ya sifuri. Hata hivyo wewe, mpagazi, hutaianza safari katika baridi hiyo. Utaianza katika msitu wenye unyevu kati ya geti la Marangu na kambi ya Mandara, una mzigo kichwani, jasho linakutiririka. Mtalii anatembea na begi dogo mgongoni. Wewe umebeba hadi kilo 20 za mzigo wa kazi, tena unatakiwa kumtangulia kambini. Kwa hiyo adui wa kwanza wa kichwa chako ni jasho, na baridi itakuja kulitumia jasho hilo baadaye.

Hili nimelipata mwenyewe. Katika safari yangu ya kwanza nilipanda na mzula wa pamba niliofumiwa na shangazi, na kwa kuupenda sikuuvua tangu getini. Pamba hunywa maji na kuyashikilia. Niliufikisha kambi ya Horombo ukiwa umelowa, kesho yake nikapita nao kwenye uwanda mkavu ulio kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, na jioni nikauanika kwenye kamba pale kambi ya Kibo, mita 4,720, nikidhani upepo utaukausha. Alfajiri niliukuta umeganda, mgumu kama gome la mti, na tundu la uso lilikuwa limebaki wazi katika umbo lile lile la kidevu changu. Nilishuka na taulo kichwani.

Ndiyo maana ninakushauri ukinunue kitambaa cha mviringo, na mzula ujitengenezee. Kitambaa hicho ni bomba la polista laini inayovutika, lenye urefu wa karibu nusu mita na upana wa sentimita 22 hadi 25 likilazwa. Hulowa upesi, lakini ukilikamua na kulipeperusha hukauka ukiwa unatembea. Msituni livae kama mkanda wa paji la uso ili lizuie jasho lisiingie machoni, sehemu ya juu ya kichwa ikibaki wazi ipumue. Ukifika uwandani, ambako upepo huinua vumbi la mlima wa volkano, lishushe shingoni na ulipandishe hadi juu ya pua. Ukifika kambini ligeuze kofia: livae nusu, sehemu iliyobaki juu ya utosi iviringe mara moja kama unayekamua nguo, kisha ikunje irudi chini juu ya ile ya kwanza. Umepata kofia ya tabaka mbili, na hewa iliyonaswa katikati ndiyo inayokupa joto.

Jambo ambalo wageni wa mlima hawaambiwi ni kwamba mabadiliko hayo hufanywa kabla ya kuyahitaji. Ukisubiri mpaka masikio yaume ndipo ujifunike, utafunika baridi. Ukisubiri mpaka jasho litiririke ndipo ujifunue, umekwisha kulowa. Unapoiona kona ambayo baada yake hakuna miti, tua mzigo na ubadilishe hapo hapo.

Usilitumie bomba hilo kama kata ya kubebea mzigo. Ni jembamba mno, litateleza na kuchanika. Kata nzuri ni ya kipande cha kanga nzee au taulo lililokunjwa, na iwe kitu cha pekee, kwa sababu italowa jasho na haitakufaa tena usiku.

Kuhusu mzula: nenda soko la Memorial, tafuta suruali ya mitumba ya kitambaa cha manyoya ya polista, ile laini kama blanketi la mtoto. Bei yake ni ndogo kuliko ya mzula mpya. Kata mguu mmoja kuanzia pajani, urefu wa sentimita 45, upande mpana ndio uwe wa shingoni. Jaribu kama unapita kichwani bila kubana masikio, kisha funga ncha nyembamba kwa mshono wa duara na utoboe tundu moja la uso, kuanzia kwenye nyusi hadi chini ya mdomo wa chini. Ninasisitiza tundu moja. Mizula ya matundu mawili ya macho huwezi kuibadilisha: ama umejifunika ama umeivua. Ya tundu moja unaishusha chini ya kidevu unapotaka kuvuta pumzi, unaipandisha hadi puani upepo unapozidi, na ukiikunja juu inabaki kofia ya kawaida. Iweke ndani ya mfuko usiopitisha maji, mbali na jasho, na usiivae mpaka umeutua mzigo wa siku.

Usiku, usijifunge mdomo kwa kubana. Kufunika pua na mdomo kwa ulegevu kunafaa, kwa kuwa kitambaa hunasa unyevu na joto la pumzi yako, na koo halikauki hadi likakohoa. Lakini katika mwinuko ambako kila pumzi ina oksijeni pungufu, kitambaa kilicholowa pumzi na kuanza kuganda ni mzigo mwingine. Kizungushe, sehemu kavu ije mbele. Na umwangalie mwenzako: akianza kupepesuka au kusema maneno yasiyoeleweka, hilo si jambo la kofia, ateremshwe mara moja.

Swali: Ndugu Fundi, mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe changu kipo Ngaramtoni, Arusha. Asubuhi kuna baridi kali na mchana ni vumbi. Ninavaa mzula mzito ndani ya kofia ngumu, lakini kofia inapanda juu na kucheza, kwa hiyo siku nyingine ninaiacha nyumbani na kubaki na mzula pekee. Nifanyeje ili nikingwe na vyote viwili?
*Dereva, Ngaramtoni*

Jibu: Ndugu yangu, umeacha kile ambacho hakina mbadala ukabaki na kile chenye mbadala mwingi. Uchambuzi wa tafiti nyingi za nchi mbalimbali ulionesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa dereva wa pikipiki kufa katika ajali kwa karibu asilimia 42, na uwezekano wa kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Hakuna sufi itakayofanya kazi hiyo. Kofia ngumu hupimwa ikae vizuri juu ya kichwa, na mzula mzito unapoingia katikati, kofia hukaa juu juu na inaweza kuchomoka siku unapoihitaji.

Vaa bomba lile lile jembamba nililomshauri kijana wa Pasua. Hilo halikuanzia mlimani. Watu wengi huliita Buff, na hilo ni jina la kampuni ya Hispania iliyoanzishwa karibu na Barcelona mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Joan Rojas, ambaye mwenyewe alikuwa mpenzi wa pikipiki na alitaka kitu cha kuzuia upepo na jua shingoni. Baridi ya dereva huingia kwenye kola, hupita kifuani, na ndiyo inayokutetemesha. Ziba shingo, weka tabaka moja jembamba masikioni, kisha vaa kofia ngumu na ufunge mkanda wake. Bomba hilo halina ncha zinazoning'inia. Skafu na mtandio vina ncha, nazo huingia kwenye mnyororo au tairi. Mwangalie na abiria wako pia, hasa akina mama wenye kanga ndefu, kabla hujaondoa pikipiki.

Juu ya vumbi niseme ukweli wote. Kitambaa cha namna hii huzuia chembe kubwa, zile unazozisikia zikikwaruza kati ya meno. Vumbi laini, ambalo ndilo linalofika ndani ya mapafu, hupita. Kama una kikohozi kisichoisha, nenda ukapimwe. Na nduguzo wanaochimba Mererani wasidanganyike kabisa na kitambaa, kwani vumbi la miamba lenye silika huharibu mapafu pasipo kurudi, na linahitaji barakoa zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kitambaa chako kifue kila jioni, na usikiazime.

Swali: Habari za kazi, Fundi. Mwanangu wa darasa la tatu ana ualbino. Ninamvalisha kapelo lakini masikio na shingo vimeanza kubabuka. Jirani amenishauri nimnunulie hicho kitambaa cha kuvuta ili kimfunike kote. Tatizo lingine ni kwamba shuleni wanakataa kofia darasani na mtoto huisahau akitoka nje.
*Mama, Moshi*

Jibu: Mama, ninaomba kapelo aiache leo hii. Kivuli chake huishia puani, na masikio, shingo na midomo, ambako saratani ya ngozi huwapata sana watu wenye ualbino, vinabaki juani. Kitambaa cha kuvuta hakitoshi pia. Kikivutwa, nyuzi zake huachana na mionzi ya urujuanimno hupita katikati. Ukikilowesha, vitambaa vingi hupitisha zaidi. Jaribu mwenyewe: kinyanyue kuelekea dirishani ukiwa umekivuta, utaziona nuru ndogo ndogo.

Kinachomfaa ni kofia ya pama yenye ukingo wa sentimita 7.5 au zaidi kuzunguka pande zote, ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana kama jinzi au drili, pamoja na pazia la nyuma linalofika kwenye kola na kupita juu ya masikio. Pazia hilo lifungwe kwa vifungo vitatu kwa ndani. Asubuhi na jioni linakunjwa na kuingia ndani ya kofia; kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni lishushwe, hata kukiwa na mawingu. Mshonee kwa kitambaa kile kile cha sare ya shule. Nimewashonea watoto wanne namna hiyo, na walimu wameikubali kama sehemu ya sare badala ya kuiona kama pambo. Kuhusu kuisahau, weka utepe wa kidevuni wenye urefu wa kutosha ili darasani kofia ining'inie mgongoni. Utepe huo uwe wa kubana kwa kifungo cha kubonyeza, siyo fundo, ili ukinasa kwenye mti au bembea uachie wenyewe.

Kofia pekee haimalizi kazi, kwa sababu jua hurudi kutoka kwenye ukuta mweupe na uwanja mkavu. Mpeleke katika kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, wamkague hayo masikio sasa, na uwaulize kuhusu mafuta ya kukinga jua ya Kilisun, yanayotengenezwa hapa hapa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ukiwa unarudi, pita na mtoto mwenyewe kwa fundi wako wa karibu akapimwe kichwa: utepe wa kupimia uzunguke juu ya nyusi na juu kidogo ya masikio, kisha ongeza sentimita mbili, maana atakua kabla ya mwaka kwisha.