Kiti cha mbele na ufunguo wa sanduku

Tororo

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema kwenye matanga ya shangazi yako uliona binamu yako ameketishwa kiti cha mbele chini ya turubai, akapewa kipaza sauti kabla ya wazee, na hali kila mtu anajua dawa za kituo cha afya ziliishia wapi alipokuwa msimamizi. Ukauliza: "Baba, mtu wa heshima ni yupi hasa, kama ndiye yule?"

Usiwalaumu sana waliomketisha. Ndiye aliyenunua ng'ombe na kulipia jeneza, na mfiwa hana nafasi ya kuuliza pesa imetoka wapi. Ile ilikuwa shukrani, na kidogo woga wa kesho: mtoto akirudishwa nyumbani kwa karo, tutabisha hodi kwa nani? Lakini hukuwepo kikundi chetu cha akiba kilipochagua washika funguo. Sanduku lina kufuli tatu, na kila ufunguo hukaa kwa mtu wake. Binamu yako alikuwepo, tena ndiye mwenye hisa nyingi kutushinda sote. Hakuna aliyemtaja. Ufunguo wa kwanza alipewa yule mama anayeuza mukene, wale dagaa wadogo, sokoni, ambaye hata jina lake huliandika kwa shida, na hapakuwa na mjadala.

Sisi tuliokua wakati wa Amin tulichelewa kulijua hili. Tulidhani anayeogopwa ndiye anayeheshimiwa. Alijiita Field Marshal, akawa Rais wa Maisha, nasi tukapiga makofi barabarani. Benedicto Kiwanuka alikuwa ametolewa kizuizini na Amin huyohuyo mwaka 1971, kisha akafanywa Jaji Mkuu. Deni la shukrani alikuwa nalo, tena kubwa. Lakini Septemba 1972 lilipofika mbele yake shauri la Mwingereza aliyeshikwa na wanajeshi, alisema jeshi halina mamlaka hayo, akaamuru aachiliwe. Tarehe 21 mwezi huohuo walimchukua mlemle Mahakama Kuu, Kampala, asirudi tena. Yule Mwingereza hakuwa ndugu yake.

Mwingine ninayemfikiria ni Dokta Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, Gulu. Mwaka 1989, siku ya Ijumaa Kuu, waasi walikuja hospitalini kuteka masista wa Kiitaliano. Akawaambia wamchukue yeye. Walizunguka naye porini kama wiki nzima, amevaa koti lake la udaktari, ndipo wakamwachia, naye akarudi kazini. Oktoba 2000 alikuwa Kampala, anasoma Makerere, alipoitwa kwa sababu wanafunzi wa uuguzi walikuwa wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Angeweza kutoa ushauri kwa simu, na nani angemlaumu? Akaenda. Ilikuwa Ebola, na kabla haijaisha ilishika watu 425 na kuua 224. Wauguzi walipotaka kuondoka, na walikuwa na haki ya kuogopa, alikaa nao na kuzungumza nao, naye mwenyewe akaendelea kuingia wodini. Alifariki tarehe 5 Desemba mwaka huo.

Usidhani nakuandikia ili uende ukafe. Hata mimi sijui kama ningesimama pale. Ninachokiona kwa hawa wawili ni kwamba kila mmoja alikuwa na njia ya kukwepa, tena yenye sababu nzuri mdomoni, wala hawakuitumia. Mama wa mukene naye ni hivyohivyo, ingawa hakuna gazeti litakaloandika: anaweza kukaa na shida zake, sanduku liko jirani, na wewe ukalala usingizi.

Usafi wa sifa peke yake haunishawishi. Wapo watu hapa ambao hawajaiba kwa sababu tu hawajawahi kupewa cha kutunza, na ndio wenye kelele nyingi.

Binamu yako anaoa mwezi ujao. Nenda, mchangie unachoweza, msalimie kwa adabu, ni damu yetu. Ameshaniomba namba yako mpya, anataka kukuuliza habari za tenda ya dawa pale ofisini kwenu. Nimempa. Akikupigia, mkatalie wewe mwenyewe, usimwambie eti baba amekukataza.

Baba yako