Kwa unayeanza kazi ya ofisi: kompyuta inapobadilika tabia

Mdogo wangu uliyekabidhiwa kompyuta ya ofisi juzi, hapa Mtwara mjini au kule Masasi na Newala, usitegemee mtu aje kukuambia kwamba mmeingiliwa. Mara nyingi kitabadilika kitu kidogo ambacho hakuna mtu ofisini aliyekigusa, na wewe unayeikalia kompyuta kutwa ndiye wa kwanza kukiona. Ukikiona, sema siku hiyohiyo.

Mimi nilianzia steshenari, Chikongola. Msimu wa korosho makatibu wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, walikuwa wakija na flashi zao kuprinti orodha za wakulima wanaosubiri malipo ya mnada. Siku moja tunafungua flashi ya mzee mmoja, kila folda ina kimshale pembeni na ukubwa wa kilobaiti moja au mbili. Mzee wa watu akaishiwa nguvu, akidhani kazi ya wiki nzima imepotea. Haikupotea. Kirusi cha aina hiyo huficha folda za kweli, kisha huweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya, umekiwasha mwenyewe; kinahamia kwenye kompyuta, halafu kwenye flashi ya mteja anayefuata. Kwa hiyo ukiona kimshale, usibofye, na usikimbilie kufomati flashi ya mtu. Isafishe kwanza kwa antivairasi, kisha ruhusu faili zilizofichwa zionekane. Orodha za mzee tulizikuta zote.

Ofisi ya pili ilikuwa ya usafirishaji, na huko ndiko nilikojifunza kwa uchungu. Wateja walianza kulalamika kwamba hatujibu barua pepe, tukasingizia mtandao. Nikawa nakuta barua ambazo tayari zimesomwa, ilhali msomaji ni mimi peke yangu. Ikaja na taarifa kwamba akaunti yetu imefunguliwa saa tisa usiku kwenye kifaa nisichokijua. Niliipuuza siku mbili. Siku ya tatu mteja wa Dar es Salaam akapiga simu: "Dada, mbona mmebadilisha akaunti ya benki?"

Hatukubadilisha chochote. Wezi walikuwa wameingia kwenye barua pepe yetu na kuweka kanuni: kila barua yenye neno "ankara" au "malipo" ihamishiwe kwenye folda ambayo hatukuwa tukiifungua. Wakawa wanajibu wao kwa jina letu. Nilibadilisha nywila nikadhani nimemaliza, kumbe kanuni ile imebaki pale pale na inaendelea na kazi. Ingia kwenye mipangilio, futa kanuni na anwani za kuelekeza barua usizozijua, toa vifaa vyote vilivyoingia, kisha weka uthibitisho wa hatua mbili, yaani akaunti idai kitu cha pili zaidi ya nywila, kama namba inayotumwa kwenye simu yako. Na namba ya benki ikibadilika kwenye ankara ya mtu, mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

Intaneti kuwa nzito peke yake isikutishe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilipata hitilafu, intaneti ikasuasua nchini kote, wala hakuna aliyekuwa ameingiliwa. Lakini antivairasi iliyojizima yenyewe, programu usiyoijua, au majina ya faili yaliyoongezewa herufi ngeni mwishoni, hizo usizingojee. Hiyo ya mwisho huwa ni kirusi kinachofunga faili na kudai fidia: chomoa waya wa mtandao, zima waifai, na diski unayohifadhia nakala za faili usiichomeke kabisa hadi fundi afike. Kirusi cha aina hiyo kiitwacho WannaCry kilipoenea Mei 2017, kilipitia tundu la Windows ambalo Microsoft walikuwa wameshaliziba tangu Machi. Walioumia wengi hawakuwa wamesasisha. Najua bando ni ghali, lakini hapo usibane matumizi.

Kama pesa imeshatumwa kwa wezi, benki kwanza, muda uleule, hata kabla ya kumtafuta bosi. Kisha polisi. Usifute barua wala ujumbe wowote kwa aibu. Huo ndio ushahidi wako chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli.