Kabla hujanunua feni: ushauri kwa anayejenga koili kubwa ya Tesla ya transista

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la feni. Nifunge ngapi, za inchi ngapi, zipulize au zinyonye? Jibu langu huwaudhi watu kidogo: feni njoo nayo mwisho kabisa. Joto jingi la koili ya Tesla, mtambo wa kupandisha volti hadi zitoe cheche hewani, huamuliwa mapema, siku unapohesabu mizunguko ya praimari (koili fupi ya nje inayolishwa na transista) na kuchagua kipete, yaani pete ya transfoma, cha kuendeshea mageti (miguu inayoamuru transista iwake au izime). Ukiharibu hapo, hata ukifunga feni ya dari utakuwa unapuliza hewa juu ya transista zinazokufa.

Nazungumzia koili isiyo na pengo la cheche. Nikola Tesla alipoibuni mwaka 1891 hakukuwa na transista. Aliwasha na kuzima umeme wake kwa cheche kati ya vipande vya chuma, na chuma kinavumilia. Silikoni haina uvumilivu huo. IRFP460, transista ambayo wengi wetu tunaanza nayo, kikomo chake ni nyuzi 150 ndani ya kiini, na ukinzani wake ukifika huko unakuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa nyuzi 25. Yaani ikipata moto inakula umeme zaidi, ikila zaidi inazidi kupata moto. Mzunguko huo ukishaanza, hauna muda wa kukimbilia swichi.

Tuchukue mfano wa koili ninayoipenda mimi: bomba la PVC la milimita 110, waya wa kusukia mota wa milimita 0.3, msuko wa sekondari, yaani ule wa volti nyingi unaotoa cheche, wenye urefu wa sentimita 45. Hiyo ni mizunguko kama 1,300. Waya unafika mita 450 hivi, ila kwenye mzani haufiki hata gramu 300, kwa hiyo usiagize roli zima kutoka nje. Nenda kwa fundi anayesuka mota akupimie. Bomba likaushe juani na ulipake vanishi kabla ya kusuka, maana hewa yetu ya pwani ina unyevu, na unyevu uliofungiwa chini ya waya utakusumbua baadaye. Juu weka toroidi (umbo la donati) ya alumini yenye kipenyo cha sentimita 40, na frikwensi itakaa jirani ya kilohezi 170.

Hapa ukubwa unakusaidia. Transista hupoteza nishati kidogo kila inapowaka na kila inapozima, na hasara hiyo huzidishwa kwa idadi ya mara inazofanya hivyo kwa sekunde. Kikoili cha mezani cha kilohezi 400 kinaumiza transista kwa namna ambayo koili ya kilohezi 170 haiumizi. Ndiyo maana humshauri mtu mwenye haraka ya cheche ndefu aongeze kimo na toroidi kwanza, kabla ya kufikiria kuongeza transista.

Sasa praimari, ambako ndiko pesa za watu zinakoungulia. Umeme wa ukutani wa volti 230 ukishapita kwenye dayodi na kapasita unakuwa volti 325 za DC. Ukitumia transista mbili, praimari inaona nusu yake, volti 162, mbele na nyuma. Chukua praimari ya kipenyo cha sentimita 16 na kimo cha sentimita 6. Kwa mizunguko 12, indaktansi yake, yaani uzuiaji wake wa mkondo unaobadilika, ni kama mikrohenri 27, na kwa kilohezi 170 itavuta ampea 5 hivi hata kama hakuna cheche hata moja hewani. Punguza iwe mizunguko 8 katika kimo kilekile: mkondo huo wa bure unaruka hadi ampea 11. Joto la transista hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo umelizidisha mara tano kwa kukata mizunguko minne tu. Mtu anafanya hivyo kwa sababu ameambiwa mizunguko michache huleta cheche ndefu. Ni kweli, huleta. Lakini anza na mingi, 14 au 15, upunguze mmoja mmoja huku ukipima joto, na usimame joto linapoanza kukimbia kuliko cheche.

Waya wenyewe wa praimari usiwe mmoja mnene. Kwa frikwensi hii umeme hupita kwenye ngozi ya shaba, unene wa milimita 0.15 hivi, na shaba ya katikati inabeba uzito tu. Nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa vanishi kila moja, zikasokotwa pamoja, zitapoa zaidi. Bomba jembamba la shaba la friji nalo linafaa.

Geti nalo lina mambo yake. Geti la IRFP460 linahitaji chaji ya hadi nanokulombi 210. Ukitaka kulijaza kwa nanosekunde 50, unahitaji zaidi ya ampea 4, kwa muda mfupi lakini kamili. Draiva, yaani chipu za kusukuma mageti, kama UCC27321 na ndugu yake UCC27322 zinatoa ampea 9 na zinatosha. Zikipita kwenye kipete kibovu, hata hivyo, ampea hizo hazifiki. Kile kipete cha njano chenye ubavu mweupe unachokitoa kwenye pawa saplai ya kompyuta kuukuu kiache hukohuko: ni unga wa chuma, na hakifai kazi hii. Unataka feraiti yenye uwezo mkubwa wa sumaku, mizunguko 10 hadi 15, nyaya zikisokotwa pamoja. Kwenye kila geti weka kipingamizi cha omu 5 hadi 10, na dayodi ya kasi sambamba nacho ili transista iwake polepole kidogo lakini izime haraka. Transista mbili zikiwaka pamoja hata kwa sehemu ya maikrosekunde, utaisikia sauti yake.

Baada ya hayo yote ndipo tunafika kwenye upozaji, na hapa nashauri uhesabu, usikisie. Tuseme kila transista inapoteza wati 40. Kutoka kiini hadi mgongo wa IRFP460 ni nyuzi 0.45 kwa kila wati. Ongeza maika (karatasi nyembamba ya kuzuia umeme) na pesti ya kupitisha joto, tuseme 0.5. Hapo tayari kiini kina nyuzi 38 juu ya hitisinki, lile bonge la alumini lenye mapezi la kupozea. Kwa transista nne ni wati 160, na hitisinki nzuri yenye upepo, ya nyuzi 0.25 kwa wati, itapanda nyuzi 40. Hewa ya Dar mwezi wa pili ni nyuzi 32 nje, ndani ya boksi sema 40. Jumlisha: 118. Inaishi, lakini nafasi iliyobaki si kubwa. Vitabu vingi vya mahesabu haya huanza na nyuzi 25, na sisi hatuna hizo.

Mgongo wa transista hiyo ni dreni, yaani umeunganishwa na mguu mmoja wa umeme mkubwa, una volti mia kadhaa, hivyo usiibane kwenye hitisinki bila maika. Pesti ipake kama siagi ya mwisho wa mwezi, nyembamba kabisa, kisha kaza skrubu vizuri. Mgandamizo una faida kuliko wingi wa pesti.

Feni sasa. Kila mita ya ujazo ya hewa kwa saa hubeba theluthi moja ya wati kwa kila nyuzi moja inayopanda. Kubeba wati 160 huku hewa ikipanda nyuzi 10 tu, unataka karibu mita za ujazo 48 kwa saa zikipita kweli katikati ya mapezi. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la feni imepimwa bila kizuizi, basi nunua inayotaja mara mbili ya hiyo. Tengeneza njia: hewa iingie upande mmoja, ilazimishwe kupita kwenye mapezi, itoke upande mwingine. Boksi lenye matundu kila upande hupoza hewa ya juu ya hitisinki na kuiacha hitisinki yenyewe.

Boksi liwe la chuma, lifungwe ethi, tena likae mbali na koili. Ukiliweka chini ya praimari, bati lake linageuka kuwa mzunguko mmoja uliofungwa, nalo linapata moto. Feni za kompyuta nazo zina saketi ndani zinazochanganyikiwa karibu na koili, na feni inayosimama katikati ya kazi haitoi taarifa. Kwa hiyo weka kwenye hitisinki swichi ya joto ya KSD301 ya nyuzi 85, ile inayokata ikipata moto, ikate umeme wa intarapta, saketi inayowasha na kuzima koili kwa vipindi vifupi.

Kupima joto, zima kwanza. Kipimajoto cha infraredi kinadanganywa na alumini inayong'aa, husoma chini sana. Bandika kipande cha tepu nyeusi na upime hapo. Na intarapta iwashe koili chini ya asilimia 10 ya muda mwanzoni. Ukiendesha mfululizo, sehemu ya chini ya msuko, ambako mkondo ni mkubwa, inaweza kulainisha PVC kabla transista hazijalalamika.

Kapasita ya mikrofaradi 1,000 kwenye volti 325 ina jouli 53, zinatosha kuua. Weka sambamba nayo kipingamizi cha kilo-omu 47 cha wati 5, kiimalize polepole. Ukizima, acha feni izunguke, subiri dakika 4, pima kwa mita hadi uone iko chini ya volti 10, ndipo uingize mkono.